Mkono wa Kusalimia Wakwe

Picha ya kwanza ya mkono wa mama niliiona kwenye simu, nikiwa nimesimama kwenye korido ya hospitali ninayofanyia mafunzo kwa vitendo hapa Mbeya. Kaka yangu aliibandika filamu ya mionzi kwenye dirisha la sebule ya nyumbani kwetu Iringa, akaipiga picha kwa simu yake, akanitumia. Katikati ya vidole vya mama lilionekana bati la jiko na tawi la mparachichi. Chini kaka aliandika: "Daktari kasema haina kitu. Kateguka tu. Punguza presha."

Alijua nitapata presha. Mimi ni mtu wa kurudi kuangalia mlango niliokwisha kuufunga. Nikitumiwa ujumbe mfupi wenye nukta mwishoni, nawaza mchana kutwa nimemkosea nani. Nimemaliza shahada ya mionzi juzijuzi tu, na tangu nianze kuwapiga picha wagonjwa wa kweli, sijawahi kumruhusu mtu atoke chumbani kabla sijaikodolea macho picha yake mpaka yeye mwenyewe aanze kuogopa. Dada mkuu wa zamu yetu amenizoea. "Wewe," huniambia, "ukiona kivuli cha nzi unataka mgonjwa alazwe."

Mama aliteleza kwenye ngazi za udongo nyuma ya nyumba, asubuhi baada ya mvua, akiwa na ndoo ya chakula cha nguruwe. Akatanguliza kiganja cha kulia. Karibu wote tunaowapokea kwa ajili ya kifundo cha mkono wameanguka hivyohivyo, maana mtu akianguka mkono hauombi ruhusa, unakwenda mbele wenyewe.

Niliikuza ile picha kwenye simu mpaka ikawa vumbi jeusi na jeupe. Kweli, sikuona kitu. Lakini kwenye kifundo, chini ya kidole gumba, kuna mfupa mdogo uliopinda kama korosho. Tunauita skafoidi. Tabia yake ni kujificha. Unaweza kuvunjika leo na picha ya leo isioneshe chochote, kwa sababu ufa wake ni mwembamba na vipande havijaachana. Zikipita wiki mbili hivi, mwili unapoanza kuzila kingo za ufa ili uujenge upya, ndipo mstari unapojitokeza. Kwa hiyo mwenye maumivu pale hufungwa kwanza kama aliyevunjika, halafu anarudi kupigwa picha tena. Asipofungwa, upande mmoja wa mfupa unaweza kukosa damu na kufa, na mkono ukabaki dhaifu maisha yote.

Mama anaishi kwa mkono huo. Tangu baba afariki, ndiye anayelima vinyungu, zile bustani za bondeni ambazo watu wa kwetu hulima mboga na mahindi mabichi wakati milima imekauka. Nikampigia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaka yako kakutisha?"

"Hajanitisha. Laza mkono mezani, halafu nyoosha kidole gumba juu. Umeona kishimo pale chini yake, karibu na kifundo?"

"Nakiona."

"Kibonyeze kwa kidole cha mkono mwingine."

Nikamsikia akivuta hewa kwa meno.

"Panauma?"

"Kidogo."

Kwa mama kila kitu ni kidogo. Nasikia hata siku ananizaa aliwaambia wakunga panauma kidogo, wakaenda kunywa chai, nikawatangulia.

Alirudi kituo cha afya kwa shingo upande, na daktari wa pale hakubisha. Akamfunga plasta ngumu, ile ambayo watu huiita hogo, kuanzia karibu na kiwiko mpaka kwenye kidole gumba, akamwambia arudi baada ya wiki mbili kwa picha ya pili. Nililala vizuri siku hiyo. Kaka akanitumia picha ya mama ameshika kikombe kwa mkono wa kushoto, na maneno: "Haya bibie, umeshinda. Sasa mimi ndiye naosha vyombo."

Katikati ya hizo wiki mbili ndipo ilipoangukia siku ya wakwe.

Kaka alikuwa anaoa binti wa Madibira, kwenye mashamba ya mpunga. Mahari ilikwisha kuzungumzwa na harusi ilipangwa mwezi wa sita, baada ya mavuno. Kabla ya hapo, watu wa upande wa binti walitaka kuja kupaona mahali anapokwenda. Ni jambo la kawaida. Wanakuja, wanakaribishwa, wanakula, wanatazama choo na paa, wanaondoka. Nikaomba ruhusa kazini, nikafika nyumbani siku moja kabla.

Nilimkuta mama jikoni anachambua mchele. Anachambua kwa mikono miwili.

"Mama, hogo liko wapi?"

"Limetoka."

"Limetoka lenyewe?"

"Nimelisaidia."

Uani palikuwa na beseni la maji meupe kama uji, na humo vinaelea vipande vya shashi. Alililoweka hogo mpaka likalainika, akalikata kwa mkasi wa kukatia vitenge. Kaka, aliyekuwa anapasua kuni, aliinua mikono juu kabla sijasema neno. "Usinitazame hivyo. Mimi nimekuta keshamaliza."

Nilianza kueleza. Nikilemewa na hofu huongea haraka na kwa mpangilio mbaya, kwa hiyo nilimweleza habari za damu, za mfupa kufa, za ufa, za wiki mbili, vyote kwa pamoja. Mama alinisikiliza huku akitoa mawe kwenye mchele. Nilipochoka akaniuliza, "Wale watu wakifika kesho, niwape mkono gani? Wa kushoto?"

Kwetu swali hilo lina uzito wake. Mkwe huwezi kumpa mkono wa kushoto, ni kama kumtupia majivu. Unampa wa kulia, huku wa kushoto umeshika kifundo cha ule wa kulia kwa heshima, na magoti yamekunjwa kidogo. Na mkono ukishapokewa haurudishwi upesi. Mtakuwa mmeshikana hivyo mpaka mmeulizana habari za mvua, za watoto na za mifugo.

"Utawaambia umeumia," nikasema. "Wataelewa."

"Ndiyo, wataelewa. Wataelewa vizuri sana." Akauweka ungo chini. "Nyumba haina baba. Wakikuta na mama kafungwa mkono, yule shangazi wa binti atajiuliza jambo moja tu: hawa wanatafuta mke wa kijana wao, au wanatafuta mtu wa kulima vinyungu? Na binti mwenyewe unamjua. Akisikia nimevunjika, atakuja kesho yake na jembe begani."

"Sasa hilo ni baya, mama?"

"Mimi nililetwa hapa kuwa mkono," akasema. "Bibi yenu mgongo ulikuwa umemshinda. Nimefika leo, kesho nipo bondeni na jembe. Ilipita masika nzima kabla mtu wa nyumba hii hajaniuliza napenda kula nini. Bibi yenu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mgonjwa. Ndiyo maana sikuwa hata na wa kumlaumu. Sitamfanyia hivyo mtoto wa mtu."

Kaka aliacha kupasua kuni. Nilikuwa na majibu yote ya mfupa, na hakuna hata moja lililogusa hilo. Tuliafikiana jambo moja tu: nitamfunga bandeji inayovutika, na ataificha ndani ya mkono wa sweta. Kwa bahati Iringa ni baridi, hakuna anayeuliza kwa nini umevaa sweta.

Wageni walifika kabla ya saa sita na gunia la mchele wao wenyewe, kama watu wasioamini mchele wa wengine. Mbele alikuwa shangazi wa binti, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na nyuma yake mjomba mmoja mzee, mkulima, mwenye viganja vipana kama koleo. Mama alisimama mlangoni. Akakunja magoti, akashika kifundo chake cha kulia kwa mkono wa kushoto, akatoa mkono.

"Kamwene, mkwe."

"Kamwene."

"Za Madibira?"

"Njema tu, mkwe. Mvua imetosha, ndege wa mpunga nao wametosha."

Mjomba ndiye aliyenimaliza. Aliupokea mkono wa mama akaufanya mali yake. Alipouliza habari za nguruwe, aliutikisa. Aliposikia nguruwe kazaa, akautikisa tena kwa furaha. Mama alikuwa akitabasamu, na ule mkono wa kushoto, uliotakiwa kuwa wa heshima, ulikuwa umebana kifundo mpaka vidole vimebadilika rangi.

"Mmemwona mama wa watu anavyosalimia?" shangazi akawageukia vijana waliokuja nao. "Nyie wa siku hizi mnatoa mkono kama mnafukuza inzi."

Nilisimama pale na sinia la maji ya kunawa, nikijua ni mfupa gani unasukumwa, unasukumwa kwenda wapi, na jina lake. Niliwaza niseme. Kisha nikawaza nikisema, mama atakuwa ameumia bure. Kisha nikawaza labda haukuvunjika, labda ni mimi na vivuli vyangu vya nzi, na nitakuwa nimeharibu ndoa ya kaka kwa sababu ya mfupa mzima. Nilikuwa bado nawaza watu wakiwa wameshanawa kwa maji ya mtu mwingine.

Kwenye chakula shangazi alinigeukia. "Na wewe ndiye daktari wa picha?"

"Si daktari, shangazi. Napiga picha za mionzi tu."

"Basi siku moja unipige na mimi, labda huko ndani ni mwembamba." Watu wakacheka. "Na wako tutakuja kumwona lini? Au mpaka kwanza umpige picha mifupa yake?"

Wakacheka zaidi, kaka kuliko wote. Kisha, huku akichambua paja la kuku, shangazi akauliza kwa sauti ileile ya mzaha, "Mkwe, vinyungu vyote vile tulivyopita pale bondeni ni vyako? Nani anavilima?"

"Mimi," mama akasema.

"Peke yako?"

"Mimi na jembe langu."

"Afadhali. Nilitaka kujua kama binti yetu anakuja kuolewa au anakuja kuajiriwa."

Hata mama alicheka. Lakini alinitupia jicho, na jicho lile lilisema: umesikia? Nikainamia sahani yangu.

Wageni walipoondoka, nilimvua sweta. Kifundo kilikuwa kimevimba, bandeji imeacha mistari kwenye ngozi. Hakubishana tena. Alisema atakuja nami Mbeya kupigwa picha ya pili, ila majirani waambiwe anakuja kunitembelea.

Wiki mbili zilipotimia, dada mkuu wa zamu alipomwona mama kwenye benchi la hospitali, aliniita pembeni. "Nimpige mimi? Mtu wako wa karibu, mkono utakutetemeka."

Nikasema nitampiga mwenyewe.

Sikuwa nimefikiria ugumu wake. Mgonjwa namwambia kaa hapa, geuka, usitingishike. Mama yako utamwambiaje usitingishike? "Mama, naomba uulaze mkono hapa," nikasema. Kisha: "Mama, samahani, sasa uinamishe kiganja kuelekea kidole cha mwisho, taratibu, kama unafukuza kifaranga." Mkao huo unaufungua ule mfupa utoke nyuma ya wenzake. Aliinamisha, akavuta hewa kwa meno, akatulia. Nilirekebisha vidole vyake kimoja kimoja. Kiganja chake kilikuwa na sugu za jembe mahali ambapo changu kina alama ya kalamu. Nilikaa nacho mkononi muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka, naye hakuniharakisha.

Nikaingia nyuma ya kioo, nikabonyeza. Picha ikaja kwenye skrini.

Maisha yangu yote watu wameniambia nawaza kupita kiasi. Siku hiyo niliomba wawe wamesema kweli. Lakini mstari ulikuwepo, mweusi, umekatiza kiuno cha ule mfupa kutoka ukingo hadi ukingo. Nilimwita dada mkuu aje auone, kwa sababu sikutaka kuuona peke yangu. Alisogea, akatazama, na kwa mara ya kwanza hakunitania.

Sisi wapiga picha haturuhusiwi kumpa mgonjwa majibu, kazi hiyo ni ya daktari. Nilitoka nikiwa nimepanga sentensi nzuri ya kitaalamu. Mama hakuingoja.

"Umevunjika."

"Daktari ndiye atakayesema, mama."

"Sawa, atasema. Lakini uso wako umemtangulia."

Daktari wa mifupa alikuwa mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliagiza na picha ya CT, ile mashine ya duara inayoonesha mfupa vipande kwa vipande kama mkate uliokatwa, ili ajue kama pande mbili zimeachana. Hazikuwa zimeachana, ila kidogo sana. Akarudi kwetu na swali.

"Hogo la kwanza nani alilitoa?"

"Mimi," mama akasema.

"Kwa nini, mama?"

"Nilikuwa na wageni."

"Wageni gani hao wa kutolea hogo?"

"Wakwe."

Daktari alivua miwani. "Aa," akasema, na ukali wote ukamtoka. "Hapo hata mimi ningesitasita." Kisha akavaa miwani tena. "Lakini sasa nisikilize. Bado tuna bahati, mfupa unaweza kuunga bila upasuaji. Hogo miezi mitatu, pengine zaidi. Hakuna jembe, hakuna ndoo, hakuna mkwe wa kupewa mkono. Ukilitoa tena, tutazungumza habari za skrubu. Na siku ya kulitoa hatutaipanga mimi na wewe, itapangwa na picha."

Miezi mitatu ilikuwa inavuka harusi.

Tulikaa nje kwenye ukingo wa saruji, hogo jipya likikauka juani. Nilianza kumtafutia njia: tungeweza kushona gauni la mikono mipana, tungeweza kusema alianguka wiki ya harusi. Aliniacha nimalize, kisha akasema, "Nipigie shangazi yao. Weka sauti nje, mkono wa kushoto unashikilia hogo."

"Kamwene, mkwe," shangazi akapokea. Nyuma yake mashine ya kukoboa mpunga ilikuwa inanguruma.

"Kamwene. Mkwe, siku ile mlipokuja, niliwasalimia kwa mkono uliovunjika."

"Uliovunjika vipi?"

"Mfupa. Nilikuwa na hogo, nikalitoa ili niwape mkono."

"Mama wewe! Na mjomba yule alivyokung'ang'ania!"

"Ana mkono mzito, kweli."

Shangazi alicheka mpaka akakohoa. Kisha sauti ikabadilika, ikawa ya mtu anayepima. "Sasa vinyungu nani analima?"

Mama alitazama mbele, ukutani, kama vile shangazi amekaa pale.

"Mwaka huu halimi mtu. Vitaota majani. Ndiyo maana nimekupigia. Harusi isubiri mkono huu upone. Sitaki binti yenu aingie kwangu awe mkono wangu. Aje awe mke wa mwanangu, anikute nalima mwenyewe."

Shangazi akapaza sauti kuishinda mashine ya mpunga.

"Kijana wako anajua unachosema?"

"Atajua leo."

"Na tusubiri mpaka lini?"

Mama alinigeukia. Nami nilikuwa na ya kusema mengi, ya umri, ya damu, ya kila mfupa na mwendo wake, lakini alijibu kabla yangu. "Mpaka picha iseme."

"Haya," shangazi akasema taratibu. "Tutasubiri picha. Ng'ombe wa harusi ataendelea kunenepa. Ila huyo mpiga picha wako mwambie asitucheleweshe sana."

Kaka hakufurahi. Alinitumia ujumbe wenye nukta mwishoni, na safari hiyo nilijua vizuri ni nani kakosewa. Wiki nzima hakunipigia. Binti naye alipopata habari, alifanya kama mama alivyotabiri: Jumamosi moja akashuka stendi na jembe lililofungwa gazeti. Mama alimpikia chai ya maziwa, akamuuliza anapenda kula nini, akampikia hicho kwa mkono mmoja, na alasiri akamsindikiza kwenye basi pamoja na jembe lake. Bondeni majani yaliota mpaka magotini. Majirani walisema.

Kila mwezi mama alikuja Mbeya. Picha ya kwanza ya kurudia, mstari ulikuwa palepale. Iliyofuata, nilidhani umefifia, nikadhani tena kwamba nimejidanganya. Mwezi wa sita ulipita bila harusi. Kaka akaanza kupiga simu, kwanza kumsalimia mama, kisha kuniuliza mimi moja kwa moja, "Vipi skafoidi?" Alilitamka kama jina la mkwe mkaidi anayekataa kutoa ruhusa. Nasikia hata Madibira lilifika, na mjomba aliuliza kama mfupa huo haufai kukandwa kwa mafuta ya kondoo.

Siku ya picha ya CT ya mwisho, daktari alituita wote wawili. Alipitisha vipande vya mfupa kwenye skrini, kimoja baada ya kingine, mbele na nyuma.

"Umeunga," akasema.

Mama alisema ahsante kwa sauti ndogo, akajifuta uso kwa kona ya kanga. Mimi nilisogea karibu na skrini. Nikaomba arudishe kipande cha katikati. Kulikuwa na kivuli, nikauliza. Ni kovu la mfupa, akasema. Nikaomba kinachofuata. Daktari, kwa uvumilivu wake, akarudisha tena, na nilikuwa nimeshainua kidole nioneshe pengine, mama aliponishika bega.

"Acha kutafuta, mwanangu," akasema. "Mpigie kaka yako."

Nilipiga. Simu haikumaliza hata mlio mmoja, akaipokea.